Kutengeneza gemu yako ya RPG kwa injini ya OpenMW: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

OpenMW ni nini, na inanihusu vipi mimi ninayetaka gemu yangu?

OpenMW ni injini iliyoandikwa upya na mashabiki wa Morrowind, gemu ya Bethesda ya mwaka 2002. Kazi ilianza 2008, na shabaha ilikuwa kuichezesha gemu ile bila kutegemea programu yake ya asili. Ili kufika huko ilibidi injini itenganishwe na data. Injini ndiyo inayochora dunia, kusogeza wahusika, kuendesha mazungumzo, vita na sevu. Data ni modeli, sauti, ramani na maandishi. Injini ni huria, data ina mwenyewe. Ukiweka data yako mahali pa ile ya Morrowind, unabaki na injini nzima ya RPG (gemu ya kuishi kama mhusika) iliyokwisha kufanya kazi ambazo zingekula miaka yako: shajara, mazungumzo ya mada, vyama, wizi na faini, uchawi, hali ya hewa, kununua na kuuza, usiku na mchana.

Usichopata ni sanaa. Injini haiji na mtu hata mmoja wa kutembea ndani yake, na hapo ndipo miradi mingi hufia.

Je, ni lazima niwe na Morrowind?

Hapana. Na kama unayo, iweke mbali na folda ya kazi. Njia rahisi ya kuchafua mradi ni kufungua mhariri (programu ya kujengea dunia ya gemu) na Morrowind.esm, faili kuu la data ya gemu ile, ikiwa msingi, kuazima upanga mmoja "kwa muda", kisha kusahau. Miezi sita baadaye upanga ule umo katika masanduku kumi na moja na hakuna anayekumbuka ulikotoka. Jaribu gemu yako kwenye akaunti ya kompyuta ambayo haijawahi kuona Morrowind: kila kilichoazimwa kitajionyesha chenyewe, kwa sababu injini huweka alama kubwa ya kosa mahali pa modeli isiyopatikana.

Jihadhari na maandishi pia. Majina ya makabila, miungu na miji ya gemu ile ni mali ya watu, na hata sentensi za menyu zilizo ndani ya data yao usizinakili.

Kwa nini nisitumie Godot au injini nyingine ya kawaida?

Huenda ikawa ndiyo njia yako. OpenMW inafaa pale gemu unayoiota ina mifupa ileile: mchezaji mmoja, kamera ya macho ya mhusika au ya mgongoni, dunia kubwa ya kutembea huru, mazungumzo ya kuchagua mada. Kama vita vyako ni vya zamu kwa zamu, au unaongoza kundi la watu sita, utapigana na injini kila siku na itakushinda.

Mashabiki wameandika injini nyingine pia. GemRB inafuata Infinity Engine, ile iliyobeba Baldur's Gate mwaka 1998, na ndiyo ya kutazama kama unataka kundi la wahusika linalotazamwa kutoka juu. EasyRPG Player huendesha gemu zilizotengenezwa kwa RPG Maker 2000 na 2003. Exult inafuata Ultima VII ya mwaka 1992 na ina mhariri wake, Exult Studio. Maelezo ya ukurasa huu ni ya OpenMW, toleo la 0.49 la mwaka 2025.

Naruhusiwa kuuza gemu yangu?

Ndiyo. OpenMW iko chini ya leseni ya GPL toleo la 3, ambayo haikatazi kuuza. Inachodai ni kwamba kila unayempa programu ya injini aweze kupata msimbo chanzo wa toleo hilohilo ulilompa, pamoja na mabadiliko yako yote ya C++, lugha iliyoandikiwa injini. Ukigawa kwa kupakuliwa, weka msimbo upakuliwe bila malipo ya ziada. "Uko kwenye hazina ya mradi mkuu" ni jibu dhaifu ikiwa umebadilisha hata mstari mmoja.

Modeli, muziki, ramani na hadithi yako ni data, na unaweza kuzipa leseni yoyote, hata ya kufungwa. Eneo la kuangalia ni skripti za Lua, yaani programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya injini: ukichukua skripti iliyokuja na injini ukairekebisha, hiyo imetokana na kazi ya GPL, nayo itabaki GPL. Skripti nyeti ziandike mwenyewe kuanzia mstari wa kwanza.

Kuna maduka ambayo masharti yake hayapatani na GPL. VLC, programu ya kuchezea video, iliondolewa kwenye duka la Apple mwaka 2011 kwa mgogoro wa aina hiyo. Kampuni za konsoli (mashine za kuchezea gemu) nazo hudai usiri wa zana zao za uundaji, na usiri huo hauwezi kukaa pamoja na wajibu wa kutoa msimbo. Panga kuuza kwa watu wa kompyuta.

Nianzie wapi hasa?

Anza na chumba kimoja. Usianze na ramani ya bara, usianze na historia ya wafalme. Chumba kimoja kinachofunguka, chenye sakafu, taa na mlango, kitakufundisha nusu ya mambo yaliyo hapa chini.

1. Pakua OpenMW, nakili folda yake nzima iwe folda ya mradi. Dirisha la kukuongoza kusakinisha (wizard) likikuomba Morrowind, liruke.
2. Fungua `openmw.cfg` iliyo kando ya programu. Mistari uliyoikuta, hasa wa `resources`, iache. Ongeza `data-local=./data` (ukikuta mstari wa `data-local` tayari, ugeuze huo) na `content=gemu.omwgame`.
3. Ndani ya `data` tengeneza folda `meshes`, `textures`, `sound`, `music`, `fonts`, `scripts` na `l10n`.
4. Fungua mhariri, OpenMW-CS, chagua kuunda gemu mpya, uipe jina `gemu.omwgame`. Mhariri utaweka wenyewe rekodi za msingi ambazo injini haiwezi kukaa bila kuziona.
5. Unda kabila moja, taaluma moja, na mhusika mwenye kitambulisho `player` anayetumia vyote viwili.
6. Unda seli (kipande kimoja cha dunia ya gemu) ya ndani iitwayo "Chumba cha Kwanza", weka sakafu na taa, upandishe rangi ya mwanga wa jumla wa seli.
7. Endesha `openmw --skip-menu --start "Chumba cha Kwanza"`.

Hatua ya pili ina sababu yake. Mhariri huandika faili kwenye `data-local`, si kwenye folda yoyote uliyoitaja kwa `data`. Usipoiweka, faili lako litaishia kwenye folda ya mtumiaji ndani ya Documents nawe utakesha ukilitafuta. Siku ya kugawa gemu, mstari huo ugeuze uwe `data=./data`.

Ukitaka kuona mfano uliokamilika, mradi wa OpenMW una mkusanyiko uitwao Example Suite wenye kiolezo cha gemu ndani yake. Soma leseni ya kila kipande kabla ya kukichukua.

Inakataa kuanza, au inaanza na skrini nyeusi. Nini kimeharibika?

Soma kwanza `openmw.log`, faili la kumbukumbu za injini. Kwenye Windows iko Documents\My Games\OpenMW, kwenye Linux iko ~/.config/openmw. Gemu ikiwa imewaka, F10 inafungua dirisha lenye kumbukumbu hiyohiyo.

Ujumbe kwamba rekodi ya mchezaji ni batili maana yake ni kwamba `player` ametajiwa kabila au taaluma isiyokuwepo. Mara nyingi ni herufi moja tu imekosewa. Endesha ukaguzi wa mhariri (Verify) kabla ya kila jaribio, utakuonyesha hilo na mengine.

Skrini nyeusi bila kosa lolote kwenye kumbukumbu, ndani ya chumba, ni mwanga: rangi ya mwanga wa jumla imebaki sifuri. Skrini nyeusi au buluu iliyofifia nje ya nyumba, angalia kama unaporomoka. Andika `tcl` kwenye konsoli (dirisha la kuandikia amri ndani ya gemu) ili uelee, kisha utazame juu. Ukiona sakafu iko juu yako, modeli yake haina mgongano (umbo linalozuia kupenya) au umemweka mchezaji chini yake.

Anga ikikosekana, kumbuka kwamba modeli za anga, mawingu na nyota zinatafutwa kwa majina yaliyoandikwa katika `settings.cfg`, sehemu ya `[Models]`: `skyatmosphere`, `skyclouds`, `skynight01` na wenzake. Zielekeze kwenye modeli zako. Rangi za anga kwa kila saa na kila hali ya hewa zinatoka kwingine, kwenye mistari ya `fallback=` ya `openmw.cfg`. Watu hurekebisha modeli siku nzima kumbe tatizo liko kwenye rangi.

Kwa `--skip-menu` kila kitu kinafanya kazi, lakini nikibonyeza "gemu mpya" begi halifunguki na siwezi kusevu. Kwa nini?

Hili huulizwa kuliko yote. Gemu mpya huanza na madirisha yote yakiwa yamefungwa, kwa kuwa injini inategemea skripti za mwanzo zimsindikize mchezaji kuchagua jina, kabila na taaluma, na kumfungulia dirisha moja moja. `--skip-menu` pekee inaruka utaratibu huo na kufungua yote, ndiyo maana inakudanganya. Kusevu nako kunazuiwa mpaka kigezo cha dunia kiitwacho `CharGenState` kiwe -1.

Skripti yenye jina `main` huendeshwa yenyewe gemu inapoanza. Hii inatosha kwa kuanzia:

```
Begin main
short tayari
if ( tayari == 0 )
    Player->PositionCell 0 0 10 0 "Chumba cha Kwanza"
    EnableStatsMenu
    EnableInventoryMenu
    EnableMagicMenu
    EnableMapMenu
    set CharGenState to -1
    set tayari to 1
endif
End
```

Mhariri ukilalamika kwamba haumjui `CharGenState`, muunde kwenye jedwali la vigezo vya dunia. Bila `PositionCell` mchezaji ataanzia nje, kwenye seli 0, 0, na kama hapo hujachora ardhi ataanzia baharini. Baadaye ongeza `EnableNameMenu`, `EnableRaceMenu` na `EnableClassMenu` kwa mpangilio unaotaka. Kuanzia hapo jaribu kwa `--skip-menu --new-game`, ili uone anachokiona mchezaji.

Vipimo vyake vikoje? Nyumba zangu zinatoka ndogo kama kibiriti.

Mita moja ni karibu vipimo 70 vya injini. Kwenye Blender, programu ya kuchongea modeli, mita moja ni kipimo 1, kwa hiyo modeli isiyokuzwa mara 70 itatokea mara 70 ndogo. Kuza, kisha funga ukubwa huo kwenye modeli yenyewe kabla ya kutoa faili.

Namba za kubandika ukutani:

- Seli ya nje ni mraba wa vipimo 8192, yaani takriban mita 117.
- Kila seli ina nukta za urefu 65 kwa 65, umbali wa 128 kati ya nukta na nukta. Kitu chembamba kuliko hapo, kama mfereji wa mita moja, hakichongeki kwenye ardhi. Kifanye modeli.
- Picha za ardhi zimepangwa 16 kwa 16 katika seli, kila kigae kikiwa 512. Ndiyo maana njia zako zinaonekana zimekatwa kwa panga.
- Mwili wa kawaida wa mgongano ni kama 58 kwa upana na 133 kwa kimo.
- Ngazi: mhusika hupanda kimo kisichozidi 34 kwa hatua. Mteremko: digrii 46, zaidi ya hapo anateleza.

Kutoka kwenye mwili huo wa mgongano unapata milango. Nafasi ya mlango yenye kimo cha 133 kamili itampitisha mchezaji siku moja na kumkwamisha siku ya pili, kwa sababu ya kona na kasi. Usishuke chini ya 150 kwa kimo na 80 kwa upana. Ngazi za nyumba zifanye 16 hadi 20, na juu yake weka mteremko laini usioonekana uwe ndio mgongano, la sivyo kamera itaruka-ruka kila anapopanda.

Usawa wa bahari nje ni 0. Seli isiyochorwa ardhi huhesabiwa kuwa iko -2048, chini kabisa ya maji. Kisiwa kwa hiyo ndiyo ramani ya bei nafuu kuliko zote: mipaka yake inajichora yenyewe.

Dunia yangu iwe kubwa kiasi gani?

Seli 100, yaani kumi kwa kumi, ni zaidi kidogo ya kilomita moja ya mraba na theluthi. Ukisikia hivyo unaona ni kidogo. Jaza seli moja kwa mkono, vitu vyote kuanzia jiwe hadi kikombe, kisha piga hesabu ya muda uliotumia mara 100.

Modeli nizitoe kwa muundo gani?

Kama data yote ni yako, tumia Collada (.dae) au muundo wa OpenSceneGraph (.osgt, .osgb). NIF ya Morrowind inasomeka vizuri na ina programu-jalizi zake, lakini umbo lake limejaa mazoea ya miaka ya 2000 ambayo huna sababu ya kuyarithi. Kwa Collada tumia programu-jalizi iliyorekebishwa kwa ajili ya OpenMW, si ile iliyozoeleka kuja na Blender.

Mgongano: usipotaja lolote, injini itautengeneza kutokana na modeli yenyewe inayoonekana. Kwa ukuta hakuna neno. Kwa mti wenye pembetatu elfu nne ni mzigo usio na faida, na mchezaji atakwama kwenye majani. Weka umbo dogo la pembeni, ulipe jina `Collision`, nalo ndilo litakalotumika. Amri ya `tcb` kwenye konsoli inakuchorea migongano yote uione.

Tekscha (picha zinazovikwa modeli) ziwe faili za DDS zenye mipmapu, yaani nakala ndogo za picha ileile za kutumika kwa mbali. Ukisahau mipmapu, mawe ya mbali yatametameta kama samaki. Ramani ya mikunjo (normal map) hupewa jina lilelile na kiishio `_n`, mng'ao `_spec`, kisha uwashe `auto use object normal maps = true` na wenzake katika sehemu ya `[Shaders]`.

Na uhuishaji?

Uhuishaji wote wa kiumbe mmoja hukaa kwenye mstari mmoja mrefu wa wakati, na alama za maandishi huieleza injini wapi kitendo kinaanza na kuisha: `Idle: Start`, `Idle: Loop Start`, `Idle: Loop Stop`, `Idle: Stop`, `WalkForward: Start` na kuendelea. Kwa Collada alama hizo hukaa kwenye faili la maandishi pembeni, zikiambatana na sekunde zake.

Kosa la kawaida ni kuandika alama za mwendo na kusahau za mzunguko. Mhusika hutembea hatua mbili, husimama kidogo, huanza tena, kama mtu mwenye kwikwi. Kosa la pili: mhusika anateleza ardhini, miguu yake hailingani na mwendo. Hapo kasi ya mwendo inasomwa kutokana na umbali ambao mfupa wa mzizi unasafiri ndani ya uhuishaji. Ukiuhuisha mwendo palepale bila kusogeza mzizi, injini haina cha kupimia.

Anza na `Idle`, `WalkForward`, `RunForward`, pigo moja na kifo kimoja. Vingine vitangoja.

Mazungumzo yakiwa kwa Kiswahili kuna tatizo?

Herufi si tatizo. Kiswahili kinakaa chote ndani ya usimbaji wa win1252, na alama ya *ng'* ni ile ya kawaida ya kibodi. Angalia tu kwamba fonti yako ina alama zote unazotumia, kwa kuwa isiyokuwemo haitaonekana inavyopaswa.

Tatizo liko kwenye mada. Mchezaji hubofya maneno yaliyowekwa rangi ndani ya maongezi, na injini huyatafuta maneno hayo yenyewe kwa kulinganisha herufi. Hulinganisha kuanzia mwanzo wa neno, bila kujali neno linaishia wapi. Kwa Kiingereza hilo linasaidia, maana wingi wao unaongezwa mwishoni. Kwetu wingi uko mbele. Mada "kisima" itanaswa ndani ya "kisimani", vizuri sana, lakini "visima" itapita bila rangi. Mada "mtoto" haitamwona "watoto". Na mada fupi ni balaa: "maji" itapaka rangi herufi nne za mwanzo za "majibu", "majira" na "majivu".

Dawa ni kuita mada kwa fungu la maneno. "Kisima cha kale", "maji ya mto", "deni la sonara". Penye mada mbili zinazoanza sawa, ndefu hushinda, kwa hiyo "kisima" na "kisima cha kale" zinaweza kuishi pamoja. Kisha waandishi wa maongezi wakubaliane kwamba mara ya kwanza mhusika anapoitaja mada, anaitaja kwa umbo lake kamili, hata kama ufasaha ungetaka vingine. Pale sentensi inapogoma kabisa, tumia `AddTopic` kwenye matokeo ya jibu ili mada iingie kwenye orodha bila kutegemea rangi.

Jambo jingine: majibu ya mada moja husomwa kutoka juu kwenda chini, na la kwanza ambalo masharti yake yametimia ndilo linalosemwa. Yenye masharti makali yakae juu, la jumla liwe la mwisho. Mhusika anayekupa kazi uliyokwisha kuimaliza karibu siku zote ni mpangilio uliogeuzwa.

Menyu je, nazo zinatafsirika?

Ndiyo, lakini ziko sehemu mbili. Maneno ya zamani yamo kwenye rekodi za GMST (mipangilio ya gemu) zinazoanza na herufi `s`, nayo unayaandika ndani ya mhariri. Maneno mapya na ya skripti zako yamo kwenye faili za YAML: `l10n/JinaLaGemu/sw.yaml`, na kwenye `settings.cfg` unaandika `preferred locales = sw,en`. Ukiona menyu nusu Kiswahili nusu Kiingereza, umemaliza sehemu moja tu.

Naweza kubadilisha sifa na stadi?

Majina na maelezo, bila shida. Idadi ndiyo kikwazo: muundo wa data unajua sifa 8 na stadi 27. Usipange mfumo wenye sifa 5 ukidhani utafuta tatu. Zinafichika, hazifutiki, na hesabu za injini zitaendelea kuzisoma. Ni afadhali uanze na zile 8 na 27, uzigawie maana mpya, na zisizokufaa uzitoe machoni pa mchezaji.

Namba nyingi ziko wazi kwenye GMST. `iLevelupTotal` kwa mfano ndiyo inayosema stadi zipande mara ngapi ndipo mchezaji apande daraja. Lakini sehemu ya kanuni zenyewe bado zimo ndani ya C++, na kila toleo linahamishia chache kwenye Lua. Usibuni mfumo mzima wa vita kwenye karatasi kabla ya kuhakikisha kanuni unayoitaka inafikika.

Niandike skripti kwa lugha ya zamani au kwa Lua?

Zote mbili. Lugha ya zamani, ile ya Morrowind, inatosha kwa mazungumzo, shajara na skripti ya mwanzo kama ile ya juu. Mengine yote yaandike kwa Lua, iliyoingia katika toleo la 0.48 mwaka 2023. Skripti zinatajwa kwenye faili la `.omwscripts`, nalo linatajwa kwa `content=`:

```
PLAYER: scripts/gemu/maendeleo.lua
GLOBAL: scripts/gemu/dunia.lua
```

Na hii ndiyo `maendeleo.lua` inayopunguza kasi ya kujifunza kwa nusu:

```
local I = require('openmw.interfaces')
I.SkillProgression.addSkillUsedHandler(function(stadi, p)
    p.skillGain = p.skillGain * 0.5
end)
```

Kinachowachanganya wengi ni mipaka. Skripti ya mhusika inaweza kumgusa mhusika huyo tu. Wengine inawaona lakini haiwabadilishi. Kuunda au kuondoa vitu ni kazi ya skripti ya `GLOBAL`, kwa hiyo ile ya kwanza inatuma ujumbe na hii inatenda. Ukipata kosa linalosema kitu hakiruhusiwi katika aina ile ya skripti, usitafute mbinu ya kuzunguka, tuma ujumbe.

Kigezo cha Lua hakikumbukwi kwenye sevu mpaka ukirudishe kupitia `onSave` na kukipokea kwa `onLoad`. Na unapoandika, amri ya `reloadlua` kwenye konsoli inakuepusha kuzima na kuwasha.

Nitoe tawi langu la C++, yaani nakala yangu ya injini niliyoibadilisha?

Kama kuna njia nyingine, usitoe. Siku ya kwanza utaongeza mistari ishirini na kuona fahari. Baada ya matoleo mawili ya injini, mistari ile itakuwa imegongana na mabadiliko ya wengine, nawe utachagua kati ya kubaki nyuma au kuandika upya. Unachohitaji kikiwa na manufaa kwa wote, kipeleke kwenye mradi mkuu.

Tuko watu wanne. Tunafanyaje kazi pamoja?

Faili la `.omwgame` si maandishi, kwa hiyo Git, programu ya kutunza matoleo ya faili, haiwezi kuunganisha kazi za watu wawili waliolihariri usiku mmoja. Mmoja atapoteza. Wekeni rekodi za pamoja (makabila, stadi, silaha) kwenye `gemu.omwgame` yenye mlinzi mmoja, na kila eneo liwe `.omwaddon` (faili la nyongeza) ya mtu wake. Mhariri una zana ya kuunganisha faili kabla ya kutoa toleo. Lua na YAML zikae kwenye Git kama kawaida.

Nimetoa toleo jipya, sevu za wachezaji zimevunjika.

Ama umebadilisha jina la faili la data, ama umebadilisha au kufuta vitambulisho. Sevu inakumbuka faili kwa jina na vitu kwa kitambulisho. Jina linaloonekana kwa mchezaji badilisha upendavyo, kitambulisho kisiguswe baada ya toleo la kwanza. Andikeni utaratibu wa vitambulisho mapema, kwa mfano `kis_silaha_mkuki_01`, na vile vya majaribio vianze na `zz_` ili vyote vijipange mwisho wa jedwali na kufutwa kwa pamoja.

Nifungashe vipi ili mchezaji abofye tu na kucheza?

Mpe folda nzima: injini, `resources`, `openmw.cfg` yako na `data`, bila mhariri kama hutaki kuutoa. Lakini kuna mtego. Mchezaji ambaye tayari anacheza Morrowind ana `openmw.cfg` yake kwenye folda ya mtumiaji, na injini huisoma hiyo pia na kuichanganya na yako. Atafungua gemu yako akute faili za Morrowind zimepakiwa juu yake. Tenga mipangilio na sevu kwa kugeuza mistari ya `config` na `user-data` ya `openmw.cfg` yako iwe hivi:

```
config="?userconfig?gemuyangu"
user-data="?userdata?gemuyangu"
```

Kuna wanaopendelea `./akiba` ndani ya folda ya gemu ili iwe ya kubebeka. Inafaa kwa diski ya mkononi. Mchezaji akiiweka ndani ya Program Files, Windows itakataa kuandikwa humo na sevu hazitakuwepo.

Kwa ramani kubwa, endesha `openmw-navmeshtool` kabla ya kufungasha. Huhesabu mapema njia ambazo wahusika wanaweza kupita, kazi ambayo bila hivyo hufanywa na kompyuta ya mchezaji anapotembea.

Kwenye simu? Na wachezaji wengi kwa pamoja?

Kwenye Android kuna matoleo ya watu wa pembeni, si ya mradi wenyewe, kwa hiyo yajaribu mwenyewe kabla ya kumwahidi mtu. Wachezaji wengi ni kazi ya TES3MP, tawi la pekee lililojengwa juu ya 0.47, ambayo Lua iliyoelezwa hapa haimo. Huwezi kuwa na vyote viwili kwa sasa, na gemu iliyokwisha kuandikwa kwa Lua haitarudi nyuma huko bila kuandikwa upya.